Neno "Behave" na Barua ya Shule

Katika mazungumzo ya leo twataka kulichukua neno moja la Kiingereza, tulifungue kama mtu afunguavyo mzigo uliofungwa na mwingine, tuone ndani yake mna nini. Neno lenyewe ni "behave". Twajua ya kuwa wengine wenu mlifungua redio mkitazamia somo la Maandiko. Nalo litakuja, lakini leo litakuja kwa njia ya mzunguko.

Neno hili ni la kila siku. Mtoto wa Kenya hulisikia kabla hajajua kuliandika. Mama humwambia mwanawe ndani ya matatu, "Behave!" Mwalimu huliambia darasa zima. Huko arusini mjomba humnong'onezea mpwa wake anayekimbilia soda kabla ya maombi. Hata watu wasiosema Kiingereza wamelifanya kuwa lao, wakalivisha viambishi vya Kiswahili na kusema, "Jibehave!" Walimu wa lugha huudhika wakisikia hivyo. Sisi pia tuliudhika zamani, mpaka tulipogundua jambo fulani ambalo tutalieleza mbele kidogo, na tangu hapo tumenyamaza.

Kilichotufanya tulishike neno hili ni barua. Msikilizaji mmoja, msichana wa shule ya sekondari, alituandikia kwa Kiswahili safi akasema ya kwamba kila siku huambiwa "behave". Baba humwambia, shangazi humwambia, na mlezi wa bweni humwambia, lakini hakuna hata mmoja wao aliyepata kumwambia afanye nini. Mwisho akauliza, "Mchungaji, neno hili lasema nini hasa?" Barua hiyo tulikaa nayo majuma matatu. Haikuwa kwa kukosa jibu la haraka, kwa maana lipo: ni kuwa na tabia njema. Tulikaa nayo kwa sababu swali la msichana huyu lilitukumbusha barua nyingine, ambayo sisi wenyewe tuliisoma vibaya, na mtoto akaumia kwa kusoma kwetu. Hiyo tutaifikia.

Tuanze na asili. Neno "behave" lilionekana katika maandishi ya Kiingereza katika karne ya 15, yaani katika miaka ya 1400. Limeundwa kwa vipande viwili. Kipande cha pili ni "have", ambalo mtoto hufundishwa mapema kabisa, la kusema nina kalamu, nina kitabu. Kipande cha kwanza, ingawa chaandikwa "be", si kile cha kusema "kuwa". Ni kiambishi cha kale, ndugu yake neno "by", na maana yake ya kwanza ilikuwa karibu, kandokando, pande zote. Baadaye kikatumika kutia nguvu tu, kama sisi tunavyoongeza neno "kabisa", au tunavyorefusha "shika" likawa "shikilia". Basi mtu wa karne ile aliposema "behave" alisema kitu kama hiki: kuwa na nafsi yako kabisa, kuishikilia nafsi yako kwa namna fulani. Wala kwa kawaida hakulisema neno hilo peke yake. Alisema "behave oneself", na hiyo nafsi ikatajwa waziwazi. Neno kubaki peke yake bila nafsi, kama tulisikiavyo katika matatu, ni desturi iliyokuja nyuma sana.

Sasa mwaona kwa nini tumeacha kuudhika na "Jibehave". Mama wa sokoni aliyeibandika ile "ji" hakusoma kamusi yoyote. Lakini sikio lake lilimwambia ya kwamba neno hili lina upungufu, kuna mtu ametoka ndani yake, akamrudisha. Watu wa Uingereza wa miaka 500 iliyopita wangalimwelewa.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: ikiwa ni "have" lilelile, mbona hayatamkwi sawasawa? Moja lina irabu fupi, na jingine lavutwa kana kwamba limeandikwa "heiv". Jibu ni kwamba zamani "have" nalo lilivutwa vivyo hivyo. Lakini kwa kuwa lilitumiwa mno, na mara nyingi bila mkazo, lilipungua kama sarafu iliyosuguliwa mifukoni. "Behave" halikutumiwa sana kiasi hicho, na mkazo wake ulibaki pale pale, kwa hiyo likaihifadhi sauti ya mababu.

Liko na neno jingine lililoundwa kwa mtindo huohuo, nalo ni "behold". Hapo "hold" ni kushika. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya kushikilia na kutunza, kisha likawa kushika kwa macho, na mwisho kutazama. Wale wanaosoma Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hukutana nalo kila ukurasa, pale ambapo yetu husema "tazama". Twapenda kufikiri juu ya maneno haya mawili kwa pamoja, moja la kujishika mwenyewe na jingine la kumshika mwingine kwa macho.

Hapa twaomba ruhusa ya kusahihisha kosa tulilofundishwa, nasi tukalifundisha kwa wengine. Kilatini kina kitenzi "habere", maana yake kuwa na kitu. Kwa kitenzi hicho Kiingereza kimepata "habit", yaani mazoea, na pia vazi la mtawa. Kwa kuwa "have" na "habere" yafanana kwa sauti na kwa maana, kila mtu hudhani ni ndugu wa tumbo moja. Wataalamu wa lugha wasema sivyo, kwa maana sauti za lugha hizi hubadilika kwa kanuni, na kanuni haziruhusu. Shina la "have" ni la kukamata, na ndugu yake wa kweli katika Kilatini ni "capere", kukamata, neno lililozaa "captive", yaani mateka. Kwa hiyo ukichimba mpaka chini kabisa ya "behave" wakuta mkono uliofumbwa, umeshika kitu.

Na si Waingereza peke yao. Mjerumani akitaka kusema jambo hili husema "sich verhalten", na ndani yake mna kitenzi chake cha kushika. Mfaransa humwambia mtoto mezani "tiens-toi bien", jishike vizuri. Naye ana neno jingine la kujiongoza, na jingine la kujibeba. Kiingereza kiliazima kwa majirani hawa maneno mengine ya maana hiyohiyo. Lile "conduct" lililoandikwa katika ripoti za shule asili yake ni kuongoza, na "comport" ni kubeba, na "demeanour" latokana na neno la Kifaransa cha kale la kuongoza na kuswaga, kama mtu aswagavyo ng'ombe. Katekisimu ya Kanisa la Uingereza ya mwaka 1662, ambayo wazee wetu waliikariri, hutumia kitenzi cha kujipanga, kama vitu vilivyowekwa kwa safu. Katika maneno haya yote mtu mmoja huonekana kama watu wawili, anayebeba na anayebebwa, mchungaji na ng'ombe wake.

Kiswahili kilifanyaje? Lugha yetu haina kitenzi cha "have" hata kidogo. Mzungu ashika, sisi tuko pamoja. Nina ng'ombe, yaani mimi na ng'ombe. Kwa hiyo wafasiri hawakuweza kuivusha ile picha ya Kiingereza ilivyo, ikawabidi watafute njia nyingine, nao walipata tatu.

Ya kwanza ni ya safari. Tuna neno "mwenendo", la kwenda. Biblia yetu ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, katika Waraka wa kwanza kwa Timotheo, mlango wa 3, mahali ambapo ile ya 1611 huandika "behave", yenyewe huandika "kuenenda". Nasi twasema Kiswahili kimekaribia asili kuliko Kiingereza, maana Kiyunani hapo kina kitenzi cha kugeuka huku na huku, kama mtu anavyozunguka nyumbani mwake katika shughuli za siku.

Ya pili ni "tabia". Hili limetoka katika Kiarabu, na shina lake ni kupiga chapa au muhuri. Kwa shina hilohilo Waarabu, na Waswahili wa zamani pia, huita kiwanda cha kuchapia vitabu "matbaa". Tabia basi ni alama iliyopigwa juu ya mtu kama muhuri juu ya nta. Angalieni tofauti: Mwingereza asema jishike, na sisi twasema umekwisha pigwa chapa! Haishangazi ukisikia mtu wa kwetu akikata tamaa juu ya jirani yake, akisema, "Ana tabia zake." Hapo hajasema nzuri wala mbaya, lakini kila mtu anajua si sifa.

Ya tatu ni "adabu", nayo ndiyo iliyotutia matatani. Ni neno la Kiarabu pia, neno tukufu. Kwao ni malezi, ustaarabu, hata fasihi. Kwa shina hilo wana na neno la karamu, ile ambayo watu hualikwa. Pwani watu husema "shika adabu yako", nasi twaipenda sana kauli hiyo, kwa sababu bila kukusudia imeurudisha ule mkono ulioshika. Lakini Kiswahili kina na kauli nyingine, "kumtia mtu adabu", na kila mtoto anajua kauli hiyo huja na nini. Huko bara jambo lazidi kuwa gumu, kwa sababu watu wengi hawatofautishi "adabu" na "adhabu" kwa matamshi. Katika Kiarabu maneno hayo mawili hayana udugu wowote, moja ni malezi na jingine ni mateso. Vinywani mwetu yamekuwa mapacha.

Kabla hatujaendelea, neno dogo juu ya "behaviour", kwa kuwa ndilo huandikwa katika ripoti. Kitenzi kilipotaka jina lake, Kiingereza kilikuwa na neno "havour" au "haviour", ambalo asili yake ni Kifaransa cha kale, nalo lilikuwa na maana ya mali, vitu ambavyo mtu anavyo. Maneno hayo yalichanganyika, na mkia wa neno la mali ukaunganishwa na neno la mwenendo. Shakespeare katika Hamlet bado hutumia "haviour" bila kiambishi. Sisi huwaza wakati mwingine kama mchanganyiko huo umekwisha kweli, maana twawaona watoto wa wenye mali wakipewa alama nzuri za mwenendo kwa urahisi ulioje. Lakini tusiseme mengi juu ya hayo. Siku hizi neno hilo limesafiri mbali. Tangu mwaka 1913, Mmarekani John B. Watson alipoanza kufundisha ya kwamba elimu ya nafsi ishughulike na "behavior" tu, yaani yale yanayoonekana kwa macho, nafsi yenyewe imeachwa nje ya mlango. Leo wanasayansi husema chuma chaweza "behave" hivi au vile kikipata joto. Chuma hakijishiki.

Sasa tufike penye uzito. Katika asili yake neno hili halikusema jema wala baya. Lilikuwa kama chombo kitupu. Ilikuwa lazima uongeze: kujishika vema, kujishika vibaya, kujishika kiume. Kisha watu wazima, wakisema na watoto, wakalimeza lile neno "vema", wakaona halihitaji kusemwa. Ukimwambia mtoto "Behave!" umemwambia, "Jishike vema," na "vema" imebaki tumboni mwako wewe. Yeye hana namna ya kujua umekusudia nini, anyamaze, au aketi, au asalimie wageni, au aache kuuliza maswali. Hali kadhalika "misbehave", lililotokea katika karne ileile ya 15. Lasema mtu amejishika vibaya, wala halisemi alifanya nini. Kiswahili cha nyumbani hakina neno kama hilo. Sisi husema ametukana, amepigana, ameiba, amechelewa. Kila kosa lina jina lake, na kila jina lina kipimo chake.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa katika parishi moja ya milimani. Ilikuwa majira ya mvua za masika, na mvua ya kule haina mchezo. Jumatatu moja kabla ya adhuhuri nyanya mmoja wa kanisa letu alikuja nyumbani kwetu pamoja na mjukuu wake, mvulana wa miaka kama 11. Ametoa katika pindo la leso karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mchungaji, nisomee. Mtoto amerudishwa."

Barua ilikuwa ya Kiingereza, mistari minne. Ilisema ya kwamba mtoto huyu "misbehaved" shuleni na asirudi bila mzazi. Hapo palikuwa na saini. Tulisoma mara moja, tukasema, "Nyanya, wanasema amekosa adabu." Akatuuliza, "Amefanya nini?" Tuliitazama ile karatasi tena, upande huu na upande huu. Haikusema. Tukamgeukia mvulana. Yeye alitazama chini, akatazama viatu vyetu, akanyamaza. Na sisi, tuliosoma theologia na kuwekewa mikono na askofu, tukachukua kunyamaza kule kuwa ni kukiri. Tulimhubiria kwa muda wa dakika tano hivi juu ya kuwatii wakubwa, tukaomba, tukawaaga.

Usiku ule nyanya alimpiga. Tulisikia kesho yake kwa jirani. Nyanya hakuwa mkali, na kwa kweli watu walimlaumu kwa kumdekeza mjukuu. Lakini ameambiwa na mchungaji wake, kwa kinywa chake, ya kwamba mtoto amekosa adabu. Basi afanyeje ila kumtia adabu? Neno lilikuwa letu. Halikuwamo katika barua. Tulikuwa na maneno mengine ya kuchagua. Tungaliweza kusema, "Wanasema amefanya jambo lisilowapendeza, lakini hawakusema ni jambo gani." Huo ungalikuwa ufasiri wa kweli. Tulichagua fupi.

Siku ya tatu tulikuwa na safari upande ule, tukawachukua wote wawili katika gari mpaka shuleni. Mwalimu wa darasa akaitwa. Alikuwa mama kijana, mwenye watoto wengi darasani, na tulimwona mara moja ya kuwa si mtu mbaya. Aliyeandika barua naye hakuwa mbaya. Alikuwa na barua kadhaa za kuandika asubuhi ile, na neno hili latosha kwa zote. Mwalimu akaeleza. Siku ya Jumatatu wakati wa paredi watoto waliambiwa wavue sweta ili mashati yakaguliwe. Wote walivua isipokuwa huyu. Aliambiwa mara ya pili, akaambiwa mara ya tatu. "Alijishika hivi," mwalimu akasema, akatuonyesha: mikono miwili imepishana kifuani, vidole vimeng'ang'ania mabega.

Nyanya, aliyekuwa hafuati Kiingereza cha mwalimu, aliiona ile ishara ya mikono. Akatuomba tumwambie imesemwa nini. Safari hii tulitafsiri neno kwa neno. Alikaa kimya, halafu akasema, "Ni mimi niliyemwambia asiivue."

Mtoto alikuwa na shati moja. Nyanya alilifua Jumamosi, mvua ikanyesha Jumamosi na Jumapili, na moshi wa jikoni haukulikausha. Jumatatu alfajiri lilikuwa bado linachuruzika maji. Akamvika sweta juu ya ngozi, akamwambia, "Usiivue mpaka urudi, watoto wasikucheke." Naye hakuivua.

Baadaye, nje chini ya paa, tulimwuliza mvulana mbona hakusema, kwetu wala kwa nyanya, hata alipokuwa akipigwa. Alijibu kwa sauti ndogo ya kwamba alidhani barua imesema. Wasikilizaji, mwalielewa neno hilo? Aliona tumesoma barua. Aliamini ya kuwa barua ya wakubwa, iliyoandikwa kwa Kiingereza na kupigwa saini, ina habari yote ndani yake. Kwa hiyo aliamini ya kwamba sisi twajua habari ya shati, na nyanya ajua, na bado ameombewa toba na kupigwa.

Tulikwenda kumwomba msamaha yeye na nyanya yake, wala hatutasimulia hayo hapa. Twataka kusimulia kile tulichokiona juma lile tulipofungua Agano Jipya la Kiyunani, ambalo kwa kweli tulikuwa tumeliacha kabatini tangu siku za chuo. Katika Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 13, mstari wa 5, Paulo aeleza upendo hufanya nini na haufanyi nini. Hapo ndipo Biblia ya 1611 imetumia "behave" pamoja na neno la kukana, na wafasiri wetu wametumia "adabu". Kitenzi cha Kiyunani ni "aschemonei". Ndani yake mna "schema", umbo, namna kitu kinavyojishika, na "schema" nalo limetoka katika "echein", kitenzi cha Wayunani cha kuwa na kitu na kushika. Yaani chini ya neno la Paulo mna mkono uleule tulioukuta chini ya neno la Kiingereza, ingawa hakuna aliyeazima kwa mwenzake.

Lakini si hilo lililotushtua. Rudini nyuma mlango mmoja tu, katika ule wa 12, mstari wa 23. Paulo anasema juu ya viungo vya mwili, na vile ambavyo watu huvisitiri kwa nguo aviita kwa neno la ukoo huohuo, "aschemona". Katika Ufunuo, mlango wa 16, mstari wa 15, jina la ukoo huo latumika kwa aibu ya mtu aliye uchi. Wayunani basi, waliposema mtu amekosa adabu, walikuwa na picha ya mtu aliyeachwa bila kusitiriwa, umbo lake limevurugika mbele ya watu. Kosa hilo mtu aweza kulifanya kwa kujivua mwenyewe, na aweza kulifanya kwa kumvua mwenzake.

Tulisoma hayo tukamkumbuka mvulana na mikono yake iliyopishana. Katika ile paredi watu wote walijishika kwa kadiri ya amri. Yeye alijishika kwa kadiri ya neno lenyewe.

Yule msichana wa sekondari sasa atasema, "Mchungaji, hukunijibu." Tumejibu nusu. Nusu nyingine tutaisema kwa habari za Daudi. Alipokuwa akimkimbia Sauli, alifika kwa Akishi mfalme wa Gathi, akaogopa, akajifanya mwenye wazimu. Biblia ya 1611 yasema alibadili "behaviour" yake. Neno la Kiebrania hapo ni "taam", nalo maana yake ni ladha, kuonja, na pia ile akili ya kupambanua mambo, kama ulimi upambanuavyo chumvi na sukari. Zaburi ya 34, ambayo kichwa chake chataja siku ile, ina kitenzi cha kuonja cha shina hilohilo katikati yake. Kwa Waebrania basi mwenendo mwema ulihitaji ulimi wa kuonja: hapa pafaa nini, na kwa nani? Amri moja ya jumla haiwezi kukupa ladha hiyo. Binti yetu, baba akikuambia "behave", una haki ya kuuliza, kwa upole na kwa heshima, na si mbele ya wageni, "Baba, wataka nifanye nini?" Huenda akakasirika. Huenda pia akagundua ya kuwa hakuwa amefikiri.

Sisi wenyewe tumejifunza kuuliza. Tangu juma lile, barua yenye neno hilo ikiletwa kwetu kutafsiriwa, hatuitafsiri. Twaandika nyuma yake kwa penseli, "Amefanya nini?" na kuirudisha shuleni. Baadhi hazijajibiwa hata leo. Nyingi hujibiwa siku ileile, tena kwa maneno mafupi kuliko barua yenyewe: amepigana, amechelewa, hana viatu.

Kwaherini hadi juma lijalo, Bwana akipenda.